Majibu kwa Wasomaji: Mwili Unapoingia Katika Somo

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa walimu na wazazi wa Mombasa, na zote zinagusa jambo moja: michezo ya kujifunzia ambayo ndani yake mtoto hutembea, huruka au huchuchumaa badala ya kuketi na kusikiliza tu. Nimezijibu kwa kadiri ya uzito wa swali, kwa hiyo baadhi ya majibu ni marefu na mengine ni mafupi.

*Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Gredi ya 2 katika shule ya msingi huko Kisauni. Katika mtaala wa umilisi tunahimizwa kufundisha kwa michezo na kumwacha mtoto atumie mwili wake anapojifunza. Darasa langu lina watoto zaidi ya sitini, madawati yamebanana hata mimi mwenyewe hupita ubavu, na ikifika saa tano joto la mabati halikaliki. Nilipojaribu kuwachezesha, kelele zilimsumbua mwalimu wa darasa jirani, na kipindi kikaisha bila mtoto hata mmoja kuandika kitu. Je, jambo hili linatuhusu sisi kweli, au limekusudiwa shule zenye nafasi? (Mwalimu wa Gredi ya 2, Kisauni)*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Linakuhusu, na darasa lako ndilo linalolihitaji zaidi, ila itabidi ulifanye kwa namna inayolingana na chumba ulichonacho. Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kuwasimamisha watoto katikati ya kipindi, wakapiga makofi, wakaimba na kurukaruka, kisha wakaketi kuendelea na kazi, ni kuwapumzisha. Ni jambo jema, na wakati wa joto ni la lazima, lakini hesabu yenyewe haijaguswa. Mchezo wa somo ni ule ambao mwendo ndio hesabu, yaani mtoto hawezi kupiga hatua iliyo sahihi mpaka afikiri jibu lililo sahihi. Ukiwa na muda wa jambo moja tu, chagua hili la pili.

Chukua mfano wa kujumlisha. Chora kwa chaki mstari sakafuni, kuanzia chini ya ubao hadi mlangoni, uutie alama kuanzia 0 hadi 20. Mwite mtoto asimame kwenye 7, kisha umwambie aongeze 5. Wengi wataanza kusema “moja” wakiwa bado wamesimama pale pale kwenye 7, na wataishia kwenye 11. Hili ndilo kosa unalokutana nalo daftarini, 7 + 5 = 11, ambalo huko huwezi kujua limetoka wapi, kwa hiyo unalitia alama nyekundu na kusonga mbele. Sakafuni unauona mguu ambao haukuondoka. Huna haja ya kumwambia mtoto kwamba amekosea. Muulize amepiga hatua ngapi, naye atarudi kwenye 7 na kuanza upya, safari hii “moja” ikimtoka mdomoni wakati mguu unakanyaga 8. Nimewaona watoto wakicheka kwa furaha wanapoligundua jambo hilo wao wenyewe. Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za kuuingiza mwili katika somo, kubwa hata kuliko uchangamfu unaosifiwa sana: mawazo ya mtoto yanatoka nje, na mwalimu anapata kuyaona.

Sasa utaniuliza, na hao wengine sitini wanafanya nini wakati mmoja anatembea? Wasiwe watazamaji. Kila mmoja awe na mstari wake mdogo, uliochorwa kwenye kipande cha boksi, pamoja na kizibo cha soda. Mwenzao anapopiga hatua mbele ya darasa, kila mtoto anasogeza kizibo chake kwa idadi ile ile. Maboksi hupatikana bure kwenye maduka ya jumla, na vizibo watoto watakuletea wenyewe ukiwatangazia wiki moja kabla.

Kuhusu nafasi, kuna utafiti mmoja ambao ungependa kuujua. Nchini Uholanzi, watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili wanafunzi 499 wa shule 12 za msingi, wenye umri wa miaka minane hivi kwa wastani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baadhi ya madarasa yalifundishwa hesabu na lugha kwa kutumia mwili mara tatu kwa wiki, kwa dakika 20 hadi 30 kila mara, na mengine yakaendelea kama kawaida. Mazoezi hayakuwa ya ajabu. Mtoto aliruka pale pale mara sita kutoa jibu la 2 × 3, au aliruka mara moja kwa kila herufi ya neno alilokuwa akiliendeleza. Miaka miwili ilipokwisha, watoto hao walikuwa wamewatangulia wenzao katika hesabu na tahajia kwa kiasi cha zaidi ya miezi minne ya masomo. Katika kusoma hapakuwa na tofauti. Ninautaja utafiti huu kwa sababu kuruka pale pale hakudai chumba kikubwa. Pengo lililopo kati ya dawati na dawati linatosha, hata katika darasa lako. Tena unatufundisha kiasi: hadithi bado inataka mtoto atulie na kitabu chake, na hakuna haja ya kulazimisha kila kipindi kiwe cha kuruka.

Katika Kiswahili ungeweza kufanya vivyo hivyo kwa silabi. Watoto wasimame ubavuni mwa madawati yao, wewe utaje neno, wao waruke mara moja kwa kila silabi: chakula, mara tatu, ng’ombe, mara mbili. Kisha utaje “mtoto”, na darasa litagawanyika papo hapo, kwani wapo watakaoruka mara mbili na wapo watakaoruka mara tatu. Waache wabishane kidogo kabla hujawaonyesha kwamba ile “m” ya mwanzo inasimama kama silabi kamili.

Kelele zinatokana na mchezo ulioanza kabla watoto hawajafundishwa kuumaliza. Siku ya kwanza usiwafundishe kuruka kabisa. Wafundishe kusimama. Chukua kayamba, na mwafikiane kwamba likilia mara moja kila mtu anaganda alivyo na kufunga mdomo, likilia mara mbili wanaketi. Lirudieni zoezi hilo mpaka liwe mazoea, hata kama litakula kipindi kizima, kwa sababu muda huo utarudishiwa kila siku hadi mwisho wa muhula. Baada ya hapo, watoto wanaweza kuhesabu kwa midomo bila kutoa sauti na kutua kwa ncha za vidole, jambo ambalo wenyewe huliona kuwa ni sehemu ya mchezo. Na tafadhali zungumza na jirani yako mapema, umjulishe ni kipindi kipi utakachochezesha, kwani mwalimu aliyearifiwa huvumilia mengi.

Joto lisipuuzwe. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, michezo iwekwe katika vipindi vya mwanzo vya asubuhi. Baada ya saa nne ibaki ile ya vizibo, ya mikono na ya kusimama na kuketi. Ikiwa shule ina kivuli cha mwembe au cha mwarobaini, toka nao, lakini kagua mizizi na vigae vya chupa kwanza. Ramadhani inapoangukia miezi hiyo ya joto, watoto wanaofunga wasirushwe kabisa, na wasitengwe pia: mchezo wa siku hiyo uwe wa mikono kwa darasa zima.

Mwisho ni ile hofu ya daftari tupu. Kipindi chako ni cha dakika 30. Mchezo uchukue kumi, na tano za mwisho zisiguswe na chochote: watoto waketi, waandike hesabu tatu kati ya zile zile walizozitembea. Mtoto aliyepata sakafuni akakosa daftarini anakueleza jambo, na mtoto aliyepata daftarini bila kuelewa sakafuni anakueleza jambo jingine.

*Mwalimu, mimi ninafundisha PP2, mwaka wa pili wa chekechea, huko Changamwe. Watoto wanapenda michezo ya kushindana, lakini kila siku wanashinda wale wale watatu, na wapo wawili ambao sasa hulia mara tu ninapotangaza mchezo. Nifanyeje? (Mwalimu wa chekechea, Changamwe)*

Ondoa leo hii mchezo wowote ambao anayekosea hutoka nje. Uangalie vizuri mchezo wa aina hiyo unavyofanya kazi: mwalimu anataja herufi, watoto wanakimbilia kadi yake, anayechelewa anaketi. Wa kwanza kuketi ni yule asiyezijua herufi, na kutoka hapo hadi mwisho wa mchezo hapati nafasi ya kuzifanyia mazoezi, ilhali yule anayezijua zote ndiye anayebaki akizikimbilia. Tumempunguzia mazoezi anayeyahitaji tukamwongezea asiyeyahitaji, kisha tunashangaa kwamba anayeshinda ni yule yule.

Geuza mambo kidogo. Darasa zima lishindane na wimbo: kadi za herufi zimetawanywa, watoto wawili wawili wanazitafuta na kuzipeleka kwenye vikapu vyake, na kazi yao ni kumaliza kabla wimbo mnaouimba haujaisha. Wakishindwa leo, kesho wajaribu tena wote kwa pamoja. Katika kuwapanga wawiliwawili, usimpe mtoto dhaifu mwenzi aliye hodari kupita kiasi, kwa sababu hodari atafanya kazi yote. Mpe aliyemzidi kidogo tu. Hao wawili wanaolia, waite kando kabla ya kipindi, uwaonyeshe kadi mbili zitakazotumika siku hiyo, ili waingie mchezoni wakiwa na kitu wanachokijua. Ninakusihi usilichelewe hili. Mtoto wa miaka mitano anayeanza kuamini kwamba yeye ni wa kushindwa huibeba imani hiyo hadi gredi za juu.

*Binti yangu yuko Gredi ya 1. Nikimuuliza walichojifunza ananiambia walicheza, na kanzu yake ya shule imejaa vumbi la chaki. Daftari lina kurasa chache sana. Ada ya kuchezea sina. (Mama wa Bamburi)*

Mama, swali lako ni la haki. Usimuulize binti yako walicheza nini. Mwambie akufundishe mchezo wenyewe hapo ukumbini, nawe ucheze. Akikutaka uruke mara nne kisha mara tatu, na akajua kwamba umefika saba, basi amesoma. Akishindwa kueleza mchezo ulikuwa wa nini, nenda ukamwone mwalimu kwa upole na umuulize, kwani mwalimu aliyejiandaa ana jibu tayari. Na daftari liwe na maandishi machache kila siku; hapo niko pamoja nawe kabisa.

Naomba jambo moja tu: michezo ya darasani isimnyime mapumziko yake wala kipindi chake cha uwanjani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya aheme kiasi au zaidi. Dakika kumi za kuruka kando ya dawati hazikaribii kiwango hicho, kwa hiyo akitaka kucheza uani jioni, mwache.

*Je, michezo hii ni ya watoto wadogo tu? Wanafunzi wangu wa Gredi ya 5 wanaona aibu. (Mwalimu wa Kiswahili, Tudor)*

Wanaona aibu kwa sababu mchezo ni mwepesi kwao. Uongeze uzito wa kufikiri, aibu itaondoka. Jaribu ngeli. Ukitaja nomino ya A-WA wanasimama wima, ya KI-VI wanachuchumaa, ya LI-YA wananyoosha mikono juu, ya U-I wanashika mabega. Anza na kijiko, kikombe na kitabu, mpaka kuchuchumaa kuwe kama mazoea, halafu utaje “kiongozi”. Nusu ya darasa itachuchumaa, na hapo ndipo somo linapoanza: tunasema kiongozi kimefika, au kiongozi amefika? Baadaye utaje “kiboko”, uwaache waliosimama na waliochuchumaa kila upande ujitetee kwa sentensi. Mmoja atasema kiboko ametoka mtoni, mwingine atasema kiboko kimevunjika, na wote wawili wana haki. Mwanafunzi wa miaka kumi akiwa na hoja ya kuitetea husahau kabisa kwamba amechuchumaa.

*Mwanangu ana miaka minane na hutembea kwa magongo. Shuleni kila kukiwa na mchezo hupewa kazi ya kuhesabu alama za wenzake. Mwanzoni alifurahi, sasa ananiambia hataki tena kwenda siku hizo. Sitaki kugombana na mwalimu, maana ni mtu mwema. (Mama wa Likoni)*

Mama, mwanao ameona kilichotendeka, na ameona sawasawa. Mtoto anayehesabu alama kila siku yuko nje ya mchezo, hata kama kazi yake imepewa jina la heshima. Mwalimu huyo, nakubaliana nawe, amefanya hivyo kwa wema, ndiyo maana ninaamini atakusikiliza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kupata elimu iliyomjumuisha katika jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Hata hivyo huna haja ya kwenda na kifungu cha sheria mkononi. Nenda na mchezo.

Mpendekezee mwalimu afunge kamba ukutani, kwa urefu wa kifua cha mtoto aliyeketi, na aipachike vibanio vya nguo ishirini vilivyoandikwa nambari. Mtoto anaongeza na kupunguza kwa kupitisha mkono kutoka kibanio hadi kibanio, na kosa lile lile la kuhesabu alama ya kuanzia, ambalo nimelieleza katika jibu la kwanza, litaonekana mkononi kama linavyoonekana mguuni. Mchezo mwingine ni wa kurusha vifuko vya kitambaa vilivyojazwa mchanga au kunde kwenye vikapu vyenye nambari, wote wakiwa wameketi, kisha kujumlisha walichopata. Jambo la msingi ni kwamba kanuni zibadilike kwa darasa zima. Ikiwa wenzake wanaruka na yeye peke yake amepewa kamba, bado ametengwa. Siku nyingine wataruka, naam, na siku hiyo achague mwenyewe kama anataka kugonga gongo lake chini kwa kila silabi, kuwa mtoaji wa maneno, au kupumzika. Mwalimu amuulize yeye, asikuulize wewe tu.

*Assalaam alaikum. Ninasomesha watoto wadogo chuoni, yaani madrasa, Mji wa Kale. Wanakuja alasiri wakiwa wamechoka na shule, na herufi zinazofanana huwachanganya sana. Je, njia hii inafaa kwetu bila kuvunja adabu ya mahali? (Ustadhi wa Mji wa Kale)*

Waalaikumu salaam, Ustadhi. Inafaa, kwa sharti moja ambalo unalijua kuliko mimi: herufi zisichorwe sakafuni zikakanyagwa. Nasi hatuhitaji kuzichora. Kinachowachanganya watoto katika be, te na the ni nukta, maana umbo la herufi zote tatu ni moja. Basi nukta ziwe mikononi mwao. Watoto wakiwa wameketi kwenye mkeka, mkono wa kushoto wanaukunja mbele ya kifua kama umbo la herufi, na wa kulia ndio wenye nukta: ukisema be, kidole kimoja kinakwenda chini ya mkono uliokunjwa, te, vidole viwili juu yake, the, vidole vitatu juu. Halafu jimu, he na khe: kidole kimoja chini, ngumi iliyofungwa, kidole kimoja juu. Kwa jimu umbo lenyewe lina nukta ndani ya tumbo lake, kwa hiyo waonyeshe kwanza ubaoni ili wasidhani iko nje kama ya be.

Anza polepole, kisha uongeze kasi, kisha ugeuze: wewe uonyeshe kwa mikono bila kusema, wao wataje. Mwishoni mwite mmoja mmoja aandike kwenye ubao wake herufi uliyoionyesha. Wakati unaofaa ni mara tu wanapofika, kabla hawajafungua juzuu, kwa sababu uchovu wa shule huwapungua mikono ikishughulika, nao huanza kusoma wakiwa macho. Kwa kuwa wameketi kwenye mkeka muda wote, hakuna anayekimbia mahali pa kusomea, na sauti pekee itakayosikika nje ni ya herufi.